Shati la Mkurugenzi

Mkaguzi wa kiwanda cha mashati alikuwa mama mdogo wa mkurugenzi, na udugu huo haukumsaidia hata chembe. Kiwanda kilianzishwa na dada yake kwa vyerehani vinne. Magoti yalipomchosha akamwachia mwanawe, na mwanawe akahamia ghorofani. Nyumbani kijana humsogezea mama yake mdogo kiti. Kazini, barua zake huzigeuza kisahani cha kikombe cha kahawa.

Barua zilikuwa tatu na zote zilisema jambo moja. Mkurugenzi aliagiza kitambaa kitandikwe matabaka mia na ishirini kwenye meza ya kukatia badala ya sitini, ili kazi iende mbio. Lakini rundo likizidi unene, kisu huyumba. Vipande vya juu hutoka sawa, vya chini hutoka kombo. Hata fundi wa mafundi, ukimpa mikono miwili isiyolingana atakushonea shati lisilolingana.

Asubuhi hiyo mama mkaguzi alipima mashati ya wauguzi yaliyoagizwa na hospitali. La kwanza, mkono wa kulia ulizidi wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. La pili hivyohivyo. La tano, kola imelala upande kama sikio la mbuzi. Akafunga vitambaa vyekundu kwenye maboksi thelathini: hakuna kutoka. Kisha akaenda kunywa maji.

Aliporudi, vitambaa vyekundu vilikuwa sakafuni na maboksi yanapakiwa kwenye lori.

"Nani kavifungua?"

Msimamizi wa washonaji alikuna kisogo. "Dada, mjumbe hauawi. Simu imetoka juu. Kasema wauguzi si watakunja mikono, nani atapima?"

"Na kola nayo wataikunja?"

Mama alichomoa shati moja kubwa, akapanda ngazi akihema, akaingia bila kubisha.

"Karibu, Mama Mdogo. Keti."

"Sikuja kukaa. Vua shati."

"Eti?"

"Vua! Nimekuvisha tangu una siku tatu, leo ndiyo utanionea haya?"

Mkurugenzi alicheka, akavua, akavaa lile la wauguzi. Akavuta mkono wa kushoto. Akavuta wa kulia. Akajinyoosha, akajipinda.

"Labda ni mabega yangu."

"Mabega yako nayajua mimi. Haya, shuka nalo hivyohivyo."

"Mbele ya wafanyakazi?"

"Wauguzi watalivaa mbele ya nani?"

Walipita katikati ya vyerehani, na vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Mshonaji mmoja aliziba mdomo kwa kipande cha mfuko. Mezani pa kukatia, mkataji, mtu wa maneno machache, alitoa kipande cha juu ya rundo na cha chini kabisa, akavilaza kimoja juu ya kingine. Havikulingana.

"Nani kaamuru rundo liwe nene hivi?" mkurugenzi alifoka.

Mkataji alitazama dari. Msimamizi alitazama viatu vyake.

"Agizo hilo hapo ukutani," alisema mama. "Anza kusomea chini, penye sahihi."

Alisoma. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu tu, lakini aliisoma muda mrefu, masikio yakimwiva.

"Shusheni maboksi," alisema hatimaye. "Na rundo lirudi sitini."

Hospitali ilicheleweshewa sare zake siku tisa, na mkurugenzi alipiga simu ya kuomba radhi mwenyewe. Hilo mama alilipenda. Ila Ijumaa, kwenye mkutano, kijana alisimama akatangaza: "Nimegundua tatizo letu liko kwenye kukata." Amegundua! Barua tatu, ngazi ile yote, na bado yeye ndiye mgunduzi! Mama aliuma meno asije akasema neno la kumfedhehesha.

Jumatatu saa mbili kamili mkurugenzi alishuka, akasimama kando ya mama yake mdogo. Uzi huu mbona umelegea? Tundu la kitufe hupimwaje? Kwa nini pindo hili lina mshono mara mbili? Kufikia saa nne alikuwa amemchosha kuliko miezi yote aliyokuwa hashuki. Mama alishusha pumzi, akamjibu swali baada ya swali, kisha akamwonyesha namna ya kugeuza shati ndani-nje na kukagua mishono, akamwambia aanze na lile la juu kwenye boksi.