RNA Iliyoitwa Takataka

Kwa miaka mitatu Shen Ruolan alikuwa akifuatilia RNA moja, nakala ya jeni isiyotengeneza protini yoyote, na kwa miaka yote hiyo Tao Jiwen, jirani yake wa meza katika maabara ile ya Kunming, hakuchoka kumtania kwamba kazi yake ni kupekua takataka. Ruolan alicheka naye, lakini hakuacha. Bibi aliyemlea kule Xuanwei, akipikia makaa ya mawe ndani ya nyumba, alikufa kwa saratani ya mapafu. Na RNA hiyo ilizidi kuonekana kadiri uvimbe wa saratani hiyo ulivyozidi kusambaa. Hakuamini kwamba ilikuwepo bure.

Jumatatu moja aliinyamazisha, yaani aliizuia isifanye kazi, ndani ya seli za saratani, akakwaruza mstari kati ya seli kwenye kisahani zilimokuzwa kwa ncha ya plastiki, akangoja. Kwa kawaida seli hizo hutambaa zikaziba pengo kwa siku moja. Kesho yake pengo lilikuwa wazi kama alivyoliacha.

"Umeziua, dada," Jiwen akasema, jicho kwenye hadubini. "Maiti haitembei."

Ruolan akazitia rangi ya kupima uhai. Zilikuwa hai, zimekaa tu. Akarudia mara mbili, ikawa vile vile. Profesa Guan, mkuu wa maabara na mtu wa maneno machache, alizitazama picha za visahani, akasema Ruolan alilitaka mno jibu hilo, hafai kulipima peke yake. Akaamuru Jiwen apime visahani sita, vingine vyenye RNA iliyonyamazishwa na vingine vya kawaida, bila kuambiwa kipi ni kipi.

Jiwen alipima asubuhi nzima, kisha akapima tena bila kuombwa. Alipotoka, uso wake haukusomeka.

"Cha pili, cha nne na cha tano," alisema. "Humo seli zimegoma."

Ruolan alifunua karatasi alimoandika visahani vilivyonyamazishwa RNA. Cha pili, cha nne, cha tano.

"Haya, dada. Nikuombe radhi vipi?"

"Kwa tambi. Bakuli kubwa, na nyama ya kutosha."

Profesa akawakumbusha kwamba kisahani si mgonjwa, safari bado ndefu. Kisha akavaa koti, akawauliza wanangoja nini, mgahawa wa kona hujaa mapema.

Njiani Ruolan alimpigia mama yake simu, akajaribu kumweleza huku akicheka. Mama hakuelewa kitu ila kile kicheko, akacheka naye.