Kivuli Kilichoandikishwa Darasa la Sita

Siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Godelive alifika shuleni na sketi nane za bluu ndani ya beseni kichwani. Alikuwa mshonaji wa nguo za shule, pale mtaani Nguba. Bahati mbaya alikuta bendera ndiyo inapanda, na bendera ikipanda hakuna mtu wa kujongea, hata mwenye beseni. Akasimama kando ya ukuta, shingo imenyooka.

Wavulana walipanga mstari upande wa kushoto, wasichana upande wa kulia. Jua lilikuwa limetoka upande wa Rwanda, likalaza vivuli vyote juu ya udongo wa uwanja. Kwa kuwa hakuweza kugeuza kichwa, Godelive alishusha macho tu, akaanza kukagua kazi yake kwenye vivuli: hapa marinda, pale pindo. Vivuli arobaini na kimoja vya wasichana vilikuwa na sketi. Cha arobaini na mbili kilikuwa na suruali.

Alikifuata kwa macho mpaka miguuni, akakuta pale viatu vya plastiki vya mtoto wake Nsimire. Nsimire mwenyewe alikuwa amevaa sketi, ile aliyomshonea mwezi wa tisa.

Neno la kwanza lililomwingia Godelive ni kwamba suruali ile imeshonwa vizuri. Mikunjo miwili mbele, pindo nene la kuteremsha mtoto akirefuka, mifuko iliyolala bila kufura. Roho ilimuuma kidogo. Nguba yote ilikuwa na washonaji watatu, na wale wengine wawili hawakujua mifuko.

Jina Godelive lilikuwa limekatazwa na serikali, pamoja na majina yote ya ubatizo, lakini majirani waliendelea kulitumia kwa sauti ndogo. Hata direkta wa shule, Citoyen (yaani Mwananchi) Cirhuza, zamani alikuwa Raphaël, na mtu akiita "Raphaël!" sokoni bado aligeuka, kisha akajifanya ameangusha kitu.

Nsimire alikuwa na miaka kumi na mbili na hesabu nyingi kichwani. Alijua kwamba ngazi za kushuka ziwani ni mia moja na sita, na kama mtu alimzungumzisha kwenye ya sabini, alipanda mpaka juu kuanza upya. Bugali na sombe ya majani ya muhogo vilipaswa kukaa mbalimbali ndani ya sahani. Vikigusana, chakula kilikuwa kimekwisha. Ngoma za animasio, zile nyimbo na dansi za kusifu Chama kilichotawala nchi, ambazo shule nzima ilicheza kila Jumamosi, zilimfanya azibe masikio na kuingia chini ya benchi. Hakuangalia mtu usoni. Jirani akimwambia, "Jambo, binti, umeamuka?" alijibu, "Miye si binti. Na kuamuka, unaniona nimesimama."

Kila jirani alikuwa na maelezo yake. Mama Adélaïde alisema ulimi wa mtoto ulifungwa na mtu wa wivu. Muuguzi alisema ni minyoo, akatoa dawa, na minyoo ilitoka kweli, lakini Nsimire alibaki vilevile. Shangazi Colombe, dada ya baba yake, alisema ni kukosa fimbo. Baba mwenyewe, Firmin, alikuwa Kamituga kwenye dhahabu, na kwa barua alisema atafikiri.

Hilo la kutokuwa binti Nsimire alilisema tangu miaka mitano, bila ugomvi, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Siku moja Godelive alimwuliza nani alimwambia.

"Hakuna. Niliangalia mwenyewe."

"Uliangalia wapi?"

"Ndani."

Godelive alirudi kwenye mashine yake. Kitambaa kilikuwa cha watu.

Kitu kimoja Nsimire alikitaka duniani, nacho kilikuwa darasa la sita la upande wa wavulana. Kule walifanya asilimia, na mwisho wa mwaka walipata cheti. Upande wa wasichana, la sita lilikuwa kushona, kupika, na kubeba mtoto mgongoni, somo lililofanywa na mdoli wa vitambaa. Nsimire alimbeba mdoli wiki tatu. Wiki ya nne alimrudishia mwalimu. "Huyu hapumui," alisema, na hakumgusa tena.

"Mama, kule banafanya asilimia," alisema kila jioni. "Huku habafanye. Miye nataka kule."

Godelive naye alitaka. Yeye aliacha shule darasa la tatu, na mpaka leo akikata kitambaa cha duara alikuwa anakisia tu.

Siku ya Jumatano direkta alimwita ofisini.

"Citoyenne, mutoto yako amevaa pantalo."

"Amevaa sketi, Citoyen Direkta. Nilimushonea kwa mikono yangu."

"Nasema kivuli."

"Aa, kivuli. Ndiyo."

"Unajua mwanamuke kuvaa pantalo ni kosa. Bazungu ndiyo balituletea ile."

"Najua."

"Ni weye uliishona?"

"Hapana, Citoyen. Miye singeweza ile mifuko."

Direkta aliandika kwenye daftari: *Mama anakana mifuko.* Kisha akampa siku tatu za kuivua suruali, la sivyo mtoto abaki nyumbani.

Shangazi Colombe ndiye aliyeshika kazi. Siku ya kwanza alimfunga Nsimire vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Kivuli kilivikunja vitenge vyote viwili na kuvibeba kwapani, kama mtu anayemsaidia mgeni mizigo. Siku ya pili alikipiga sabuni na brashi pale uani. Ua ulitakata sana. Siku ya tatu alimsimamisha mtoto kwenye jua, akakiamuru kivuli kwa Kishi, lugha ya ukoo, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho. Kivuli kilitia mikono mifukoni.

"Yesu wangu! Hata kivuli yake haisikie," alisema Colombe, akaketi.

"Inasikia, shangazi," alisema Nsimire. "Imekataa."

Barua ya Firmin ilifika mchana huohuo na lori la Kamituga. Aliandika kwamba amefikiri. Kama kivuli hakili chakula cha watoto, wasikipige.

Nsimire angebaki nyumbani kweli, lakini juma lile lilitoka tangazo kwamba wajumbe wa Chama watakuja kutazama animasio, uwanjani, kwenye jua. Direkta hakulala vizuri. Asubuhi alikuja mwenyewe mpaka kwa Godelive, akakaa kwenye kiti cha wateja, akahesabu kwa vidole.

"Sikia, mama. Kama ile kivuli ni mwanamuke, basi kwangu kuko mwanamuke mwenye pantalo, na miye nimekufa. Kama ni mwanaume, kuko mwanaume mwenye pantalo. Na ile haimusumbui mutu."

"Ni kweli," alisema Godelive.

"Basi ni mwanaume."

Alitoa kitabu cha majina. Akauliza jina, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nalo, alitoa moja yeye: Mugisho. Tarehe ya kuzaliwa aliandika ileile ya Nsimire. Kwenye darasa aliandika la sita, upande wa wavulana, kwa sababu ya umri.

Godelive alipiga makofi mara moja. "Nsimire, njoo! Unaenda la sita ya bavulana!"

"Nani?" aliuliza direkta. "Hapana, mama. Nsimire ni binti, yeye ana mudoli yake kule. Kiti ni ya Mugisho."

"Lakini Mugisho hatembei peke yake, Citoyen."

Direkta alikubali kwamba hiyo ni kweli. Alifikiri mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Madirisha ya la sita yalitazama upande wa jua la asubuhi. Nsimire atasimama nje, nyuma ya dirisha la tatu, na Mugisho ataingia na kukaa kwenye benchi la pili. Nidhamu ya shule haitaguswa.

Ndivyo ilivyofanyika. Kila asubuhi Nsimire alisimama kwenye majani yenye umande, na kivuli chake kiliruka dirisha, kikakaa kati ya watoto wawili waliokipisha bila neno. Nsimire akiinua mkono nje, Mugisho aliinua ndani. Akiandika kwa kidole hewani, jibu lilitokea kwenye ubao mdogo wa Mugisho, kwa chaki, na lilikuwa sahihi.

Mwalimu wa la sita alimpenda haraka. Alipoona Mugisho haangalii mtu usoni, alisema huyu ni mwanaume wa aibu nzuri. Alipoona hasalimii, alisema ni mwenye maneno machache, atakuwa jaji. Siku ya wajumbe, ngoma zilipopigwa, Nsimire aliziba masikio akajikunja chini, na kivuli kikajikunja vilevile. Mjumbe mmoja alikitazama muda mrefu, akamwambia direkta, "Ule kijana anainamia Taifa kutoka moyoni." Nsimire alipewa adhabu ya kufagia vyoo siku mbili kwa kuharibu mstari. Mugisho alipewa beji.

Siku za mawingu Mugisho hakuja, na mwalimu aliandika: *hayupo, kwa sababu inayojulikana.* Nsimire alisimama palepale hata hivyo, kitenge kichwani, akasikiliza. Lakini mvua ilipopiga bati, hakusikia kitu.

"Mama, leo asilimia zilifika wapi?" aliuliza akiwa amelowa.

Godelive hakujua. Alimshonea kofia pana ya kumkinga. Asubuhi iliyofuata Mugisho aliingia darasani na kofia, na mwalimu akamwambia avue, hapa si sokoni. Kofia ikarudi nyumbani. Godelive akaleta kiti kidogo. Direkta alikichukua kwa heshima zote. "Mama, kiti ni ya banafunzi," alisema. "Huyu anasindikiza tu."

Mwezi wa nne mwalimu wa wasichana, ambaye hakumwona Nsimire tena na mdoli, alichora mstari mwekundu juu ya jina lake na kuandika: *ameacha masomo bila sababu.*

Jioni moja, mashine ikiwa imefunikwa na bugali likiwa mezani mbali na sombe, Godelive aliuliza lile ambalo alikuwa amelizunguka mwaka mzima.

"Sasa Mugisho ni nani, na weye ni nani?"

Nsimire alitafuna mpaka akamaliza. "Mugisho ni miye. Naye anajua. Ni bale bengine ndiyo bamegawa."

Godelive alichukua futi yake, akampima kiuno na mguu, bila kusema ni ya nini. Usiku ule alikata suruali, na kufika Jumapili ilikuwa imekwisha. Mifuko ilifura kidogo. Nsimire aliivaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, akazunguka meza mara kumi na nne. Nje ya mlango sheria ilikuwa palepale, kwa hiyo ilipofika Jumatatu alivaa sketi.

Siku ya kutangaza matokeo wazazi walijaa uwanjani kutoka saa mbili. Shangazi Colombe alivaa kitenge kipya na kumwambia kila mtu kwamba kile kivuli ni cha ukoo wao, upande wa baba. Direkta alisoma la kwanza, la pili, mpaka la sita, kutoka wa mwisho kwenda juu. Sauti ilimpanda.

"Wa kwanza, na asilimia tisini na mbili, Mugisho!"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Nsimire aliziba masikio, kivuli nacho kikaziba, na wamama wakasema, tazama unyenyekevu. Direkta alishuka na cheti, akakiweka taratibu juu ya udongo, karibu na mkono wa kivuli. Mkono haukukifikia.

Godelive alikuwa mstari wa mbele. Alisema, si kwa sauti kubwa, lakini alisema mbele ya watu: "Citoyen Direkta, na Nsimire? Yeye amepata nini?"

Direkta alifungua kitabu chake. Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya majina, na wazazi wote walingoja.

"Nsimire aliacha masomo mwezi wa ine, mama. Inaandikwa bila sababu. Pole sana." Akafunga kitabu. Kisha akamgeukia mtoto, akampungia kwa mkono, kama mtu anayetaka kupitisha mkokoteni. "Sogea kidogo, mutoto. Uko unazuia. Wacha mwanafunzi achukue cheti yake."

Nsimire alihesabu hatua. Zilikuwa mbili. Akasogea.

Mugisho alichukua cheti, akakikunja mara nne, akakitia katika mfuko wa suruali, na mfuko haukufura hata kidogo. Godelive alipiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa mzazi wa mtoto wa kwanza asipopiga makofi watu husema ana kiburi.