Siku Nne Bila Insulini

Soud alikuwa mahabusu katika jela moja ya London, na jela hiyohiyo ndiyo aliyoishtaki. Siku aliyoingia walimnyang'anya insulini yake, na walipokuja kumpa nyingine kidonda alichokuwa nacho mguuni kilikuwa kimeshaoza. Akakatwa vidole viwili vya mguu. Mawakili watatu waliikataa kesi yake. Kesi ya mahabusu nani anaitaka? Basi dereva huyu wa basi, mkaazi wa Kilburn, akaandika madai kwa mkono wake na kusimama mwenyewe mahakamani.

Jela ilisema dawa alipewa siku ileile aliyofika. Asipoonyesha ushahidi wa kupinga hilo, kesi ingefutwa asubuhi hiyohiyo ya kusikilizwa, na hakuna ambaye angeuliza tena.

Ushahidi wake ulikuwa nakala ya malalamiko yake ya kwanza kwa jela. Aliyaandika kwa Kiingereza lakini kwa adabu za Unguja, maana kwao mtu haanzi kudai kabla hajasalimu na kushukuru. Geofrey, Mkenya aliyefungwa naye chumba kimoja, aliyasoma akacheka mpaka akashika mbavu.

"Buda, hawa watu unawashtaki ama unaposa kwao?"

Kesi ilisikilizwa kwa video. Wakili wa serikali, aliyeitetea jela, akaidaka nakala ile kwa furaha.

"Mheshimiwa Jaji, mdai anawashukuru maafisa kwa wema wao. Huyu ni mtu aliyetendewa ubaya?"

Adabu aliyofunzwa Soud na mama yake ndiyo hiyo inammaliza. Angeweza kusema aliandika kwa woga, lakini uongo hakuutaka, hata kwa vidole viwili.

"Nilishukuru kweli," alisema. "Naomba uisome sentensi mpaka mwisho, Mheshimiwa."

Jaji, mwanamke wa makamo, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. "'Nawashukuru kwa wema wao wa kuniletea insulini Ijumaa, kwani tangu Jumatatu nilipoingia nilikuwa sijapata.'" Chini yake palikuwa na mhuri wa jela na jibu la afisa: Karibu, tunafurahi sasa umeipata.

Jaji akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Siku nne," akamwambia wakili. "Nyinyi mnasema hakukosa hata moja. Kesi itaendelea."

Soud akalia mbele ya afisa aliyemlinda, wala hakujificha. Miezi minane alikuwa akiambiwa siku zile hazikuwapo.