Duara Ambalo Desmond Hakulipiga

Desmond Tarrant alirusha ndege za kivita tangu ujanani, na hata baada ya kustaafu jeshini aliendelea kurusha jeti moja kuukuu kwenye maonyesho ya kiangazi. Jumamosi ile, pale Lincolnshire, Uingereza, alikuwa ndiyo kwanza anajiweka sawa apande kupiga duara la wima angani, akasikia redioni sauti ya Maureen, msimamizi wa onyesho.

"Acha, Des. Acha hapo hapo, utue."

Alitua damu ikimchemka, maana umati mzima ulimwona akirudishwa kama mwanafunzi.

"Maureen, umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia alipomkuta hemani.

"Bora nikuvue nguo kuliko nikuvishe sanda. Ulikuwa chini mno. Usingelimaliza duara; ungeshukia ile barabara ya kando ya uwanja, na imejaa magari. Ulitaka kuanzia kimo gani?"

Desmond akamtajia. Aliposikia jibu lake mwenyewe, akatambua kosa lake. Kile kilikuwa kimo cha ndege yake nyingine, ile ndogo ya mafunzo, aliyokuwa akiirusha wiki nzima; jeti ilihitaji kimo kikubwa zaidi.

Akaketi. Maureen akamsogezea kikombe cha chai bila kumtazama usoni, kwa kuwa walijuana miaka mingi.

"Na kesho je?" Desmond aliuliza baadaye.

"Kesho utakaa hapa na mimi, tuwatazame wenzako."

"Biskuti zitakuwepo?"

"Zitakuwepo, mzee. Kunywa chai."

Desmond akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.