Gitaa la Pili

Mwanamke mwenye mfuko wa viatu alisimama mbele ya mpiga gitaa ukumbini mwa stesheni, akasikiliza kwa subira ya mtu anayengoja maji yachemke, mwisho akauliza, "Samahani kaka, wimbo wenyewe unaanza lini?"

"Umeshafika katikati," akasema Rithim, na mkono wake haukusimama.

Yule mwanamke akamtazama, akatazama na ukuta nyuma yake, kana kwamba kuna mpigaji mwingine amejificha huko, akaenda zake. Hakuwa na kosa. Kazi ya gitaa la pili ni kutandika mkeka. Anayekaa juu yake ni mwingine. Na huyo mwingine, kaka yake mkubwa, ambaye stesheni nzima ilimwita Solo, alizikwa mvua zilipoanza.

Walipiga pamoja katika ukumbi ule, juu ya ngazi za kushukia vyooni, tangu wote wawili wana nywele za kuchana. Solo alipiga sauti ya juu, ile ambayo watu huondoka nayo mdomoni. Rithim alipiga ya chini, ambayo hakuna anayejua kama ipo mpaka ikosekane. Hawakubadilishana hata siku moja. Majina waliyopewa na mama yao yalibaki nyumbani kwa mama yao.

Sasa Rithim alikuja peke yake kila asubuhi, akaketi, akapiga sehemu yake vilevile. Aliacha nafasi pale Solo alipokuwa akiingia, akanyamaza pale walipokuwa wakinyamaza wote wawili. Watu waliokuwa wakijua habari waliinamisha vichwa wakipita, walidhani anaomboleza. Hakuwa akiomboleza. Tangu mazishi kifua chake kilikufa ganzi, na ganzi hiyo haikuisha. Mkono ndio uliokuwa ukijua njia ya kazini, basi ukaenda, naye akaufuata.

Ndipo msimamizi wa stesheni akapita akitangaza. Watumbuizaji wamezidi, alisema, abiria wanalalamika kelele. Ijumaa kila mmoja atapimwa. Atakayefaa atabaki, asiyefaa afungashe virago.

"Bosi, kidole kimoja hakivunji chawa," mrusha mipira aliyetumbuiza abiria upande wa pili wa ukumbi akamtania Rithim. "Nije nikupigie kopo?"

"Njoo na kopo lenye sauti ya juu," akajibu. Mrusha mipira akacheka peke yake, na mpira mmoja ukamponyoka.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mke wa marehemu, ambaye chumba chake na cha Rithim vilitazamana uani, alikuwa kwenye cherehani akikunja pindo la pazia la mtu.

"Shemeji, nafasi ile ikienda utakwenda wapi?"

"Nitapata pengine."

"Pengine wapi? Barabarani askari wanafukuza watu. Na wewe siku hizi ukitumwa chumvi unarudi na sabuni." Akageuza kitambaa. "Sauti ya kaka yako si unaijua?"

"Naijua."

"Yote?"

"Yote."

"Basi ipige."

"Si yangu, shemeji."

"Mwenyewe hatarudi kuidai," akasema, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Akalia hapohapo, bila kuficha uso, huku sindano imezama katikati ya pazia. Rithim akasimama mlangoni akimwangalia. Alimwonea wivu. Alitamani kumwomba amgawie hata tone moja la machozi, kama jirani anavyoomba moto, lakini hayo si maneno ya kumwambia mjane. Akamletea maji ya kunywa, akaenda kulala bila kuvua viatu.

Ijumaa, msimamizi alikuja na wageni wawili, wakapanga viti ukumbini. Mrusha mipira akapita bila kuangusha hata mmoja. Zamu ya Rithim ilipofika, akakaza nyuzi, akaanza. Mkeka ukatandikwa, mpana, umenyooka, hauna kunyanzi. Viti vitatu vikangoja. Mmoja wa wale wageni akatazama dari.

"Tunakusubiri, mzee," akasema msimamizi, wala si kwa ubaya.

"Nimeshaanza."

"Umetujengea msingi mzuri. Nyumba iko wapi?"

Rithim akatazama pale kaka yake alipokuwa akikaa. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba. Miaka yote hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa kando yake, akitabasamu kwa wapita njia.

"Jaribu tena mara moja," msimamizi akasema, "halafu tumwite anayefuata."

Vidole vikapanda shingo ya gitaa, vikafika mahali ambapo havikuwahi kufanya kazi. Akapiga sauti ya kaka yake. Ilitoka nzima, hata ule mkogo wa mwisho wa ubeti, hata pale Solo alipopenda kuchelewa kidogo ili watu wamtamani. Mwenye haraka akapunguza hatua. Mama mmoja akautua mzigo wake. Mgeni yule akashusha macho kutoka darini.

"Sasa ulikuwa unatuficha nini?" msimamizi akacheka. "Nafasi yako hiyo. Kaa."

"Asante," akasema Rithim. Akangoja furaha. Haikuja. Akangoja walau ahisi amemwibia mtu. Hata hilo halikuja.

Viti vilipokwisha kuondolewa akaendelea kupiga, maana siku ilikuwa bado ndefu, na sasa watu walikuwa wakisimama. Alikuwa katikati ya ubeti sauti ilipopanda kutoka chini ya ngazi. Ilikuwa ya mama anayesafisha vyoo vya stesheni. Alilazwa hospitali kabla Solo hajaugua, na ndiyo kwanza siku hiyo amerudi kazini. Miaka yote alikuwa chini wakati wao wako juu, akiwajua kwa magitaa yao kuliko kwa nyuso au maneno, na hakuna aliyekumbuka kumpelekea habari.

"Solo! Mwanangu, nakusikia!"

Rithim akasimamisha mkono.

"Leo uko mwenyewe? Mdogo wako yuko wapi, mbona simsikii?"

Angeweza kushuka, akasimama mbele yake, akamwambia nani yupo na nani hayupo. Akafungua kinywa, na kitu kikamkaba kooni. Kilikuwa kigumu, kikauma, na maumivu yale yalikuwa ya kwanza tangu mazishi. Akayaacha yaume.

"Hakuja, mama."

"Anaumwa?"

"Hajambo kidogo."

"Mpe pole yangu. Mwambie arudi upesi. Wewe bila yeye unakimbia tu, hakuna wa kukushika mkono. Mimi kule wodini nilikuwa nikiwakumbuka, ni yeye niliyekuwa nikimsikia."

Rithim akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Nitamwambia," akasema.

"Haya, piga basi, nina kazi mie."

Akarudisha vidole kwenye nyuzi za juu, lakini hakupiga. Chini, brashi ikaanza kusugua sakafu, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Akaisikiliza kama mkeka unaotandikwa, mpaka akaupata mwendo wake, akaingia na sauti ya kaka yake.