Kifurushi cha Asubuhi

Siku niliyoamua kwenda kumgombeza daktari wa Kajiado nilivaa sketi yangu ya kanisani na viatu vya kisigino. Mtu akitaka kuzozana na wasomi lazima kwanza apendeze. Haki ilikuwa upande wangu, au ndivyo nilivyojidanganya.

Jina langu ni Munyiva, wengi huniita Mama Ngui, na hapa Kitengela nina duka la virutubisho: kalsiamu ya mifupa, madini ya chuma kwa walioishiwa damu, unga wa moringa, mafuta ya samaki. Udaktari sikusomea. Nilisoma kozi ya wiki mbili na vitabu kadhaa, lakini nina masikio. Watu huja kunieleza mambo ambayo hospitalini hakuna mwenye nafasi ya kuyasikiliza: joto la ghafla la wanawake waliokoma hedhi, sukari, presha, magoti, usingizi uliopotea. Nami huwaambia watembee, wapunguze soda, walale mapema, na wasithubutu kuacha dawa za hospitali. Hilo la mwisho nililisema kila siku, na naomba likumbukwe mtu akitaka kunihukumu.

Kilichonipa jina hasa ni kifurushi cha asubuhi. Niliona wateja wangu wanasahau, huyu ameruka siku mbili, yule amemeza mara mbili. Basi nikawaambia waniletee tembe zao zote, za hospitali na zangu, nami nikawa nazitoa kwenye pakiti na kuzitia katika vibahasha vya karatasi, kimoja kwa kila siku. Ukiamka unafungua, unameza zote kwa mpigo na chai yako, unaenda kazini. Watu walinipenda kwa hilo, na mimi nilijipenda zaidi.

Wa kwanza kuanza vifurushi alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, Amino, mama yake Najah. Amino hufanya biashara ya mbuzi. Hununua mnadani Kajiado, pengine hufika hadi Ewuaso Kedong, akawauzia wenye bucha wa Kitengela. Fikiria mwanamke wa Kisomali katikati ya umati wa wanaume wenye fimbo, anasalimia "Sopa" kwa Kimaasai na kabla hajaitikiwa ameshamfungua mbuzi mdomo kumtazama meno. Madalali walimwogopa. Hata mimi, ambaye siogopi watu, nilimwogopa kidogo.

Halafu mwaka jana akaanza kupotea. Mwili uliongezeka lakini mtu mwenyewe akapungua. Alivaa sweta saa saba mchana katika jua la Kajiado. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alinunua mbuzi wanaokohoa bila kugundua. Hospitali wakampima damu, wakamwambia ana shida ya thairoidi, ile tezi ndogo ya shingoni. Imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na mwili usipopata homoni hiyo hufifia kama jiko la makaa lililofungwa mlango. Akaandikiwa tembe ndogo ya homoni, moja kila siku, kwa maisha yake yote.

Nami, rafiki mwema, nikaitia kwenye kifurushi. Kando yake niliweka kalsiamu na madini ya chuma, maana mwanamke anayechoka lazima asaidiwe pande zote.

Miezi ikapita. Kila alipopimwa, damu ilisema vilevile. Wakamwongezea dozi, wakamwongezea tena, na Amino akazidi kusinzia kitini. Mwisho alikuja dukani akaketi kwenye kreti ya soda.

"Mama Ngui, mimi nimechoka," akasema. "Elmi atachukua mahali yangu kwa mnada."

Elmi ni mdogo wake, kijana anayejua bei ya simu kuliko bei ya mbuzi.

"Na wewe?"

"Nitakaa nyumbani. Na hii dawa naacha. Sioni kazi yake."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja kwamba unga umeisha. Hilo ndilo lililonitisha. Ule mnada alikuwa ameupigania kwa miaka, akiwa mjane na mtoto mgongoni, na sasa alikuwa anautoa kama nguo iliyombana. Nilipandwa na hasira, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia mgonjwa, nikamkasirikia daktari. Nikamwambia hataacha dawa yoyote mpaka tumuulize huyo daktari anampa nini. Nikaapa kwamba siku hiyo mtu atakiona cha mtema kuni.

Ojwang, daktari wa kliniki yake, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Sikumpa nafasi hata ya kutusalimia vizuri.

"Daktari, huyu mama hajaruka dawa hata siku moja," nikasema. "Mimi ndio shahidi. Ni hii dawa yenu haifanyi kazi!" Nikatoa mkobani kifurushi cha kesho yake nikakiweka mezani kwa kishindo. "Angalia mwenyewe."

Akakifungua. Akazitenganisha tembe kwa ncha ya kalamu: ile kubwa nyeupe, ile nyekundu, na ile ndogo.

"Hizi zote anameza saa ngapi?"

"Asubuhi. Pamoja."

"Na nini?"

"Na chai," akajibu Amino.

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa ya ngamia. Mimi siweki maji."

Ojwang aliiweka kalamu chini polepole. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mama, hii ndogo haitaki company," akamwambia Amino. "Inataka maji peke yake, tumbo ikiwa empty, halafu ungoje kama saa moja ndio unywe chai. Maziwa, calcium, iron, hizo zinaishika huko tumboni, haiingii kwa damu vizuri. Calcium na iron zikae mbali na hii masaa manne. Umekuwa ukimeza dawa kila siku, ni vile tu mwili haijaipata."

Kisha akauliza, si kwa ubaya, "Nani alikupangia hivi?"

Niliitazama kalenda ukutani. Nilijua kabisa kwamba nimejipalia makaa mwenyewe, tena nikiwa na viatu vya kisigino.

"Ni mimi nilijipangia," akasema Amino. "Ilikuwa rahisi kukumbuka."

Ojwang akamrudisha kwenye dozi ya chini, akamwambia ameze na maji tu, arudi kupimwa baada ya wiki nane. Tukashukuru tukatoka. Tulipofika getini nikamshika mkono.

"Mama Najah, mbona umesema ni wewe?"

"Wewe uko na duka," akasema. "Watu wakisikia, utafunga. Ni sawa tu."

Eti ni sawa tu. Amino ninayemjua angenirarua mbele ya askari wa geti. Huyu alikuwa amepoteza mwaka mzima mikononi mwangu, na bado alitumia nguvu kidogo alizobaki nazo kunifichia aibu. Nilijaribu kujitetea moyoni: kwani ningejuaje? Jibu likanijia pale pale, likanichoma. Katika kila pakiti ya ile tembe kulikuwa na karatasi ya maelezo, imekunjwa ikawa ndogo kama stempu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa na kuitupa, ili kifurushi kipendeze.

Halafu nikamkumbuka Priscilla wa Kisaju. Na mwalimu Githongo. Wote wawili walikuwa na tembe ile ile ndogo, na vifurushi vyao nilikuwa nimevifunga kwa mikono hii hii.

Mficha uchi hazai. Nilimwacha Amino kwenye benchi la getini nikarudi ndani, nikaipita foleni nzima. Mzee mmoja akafoka, "Mama, kuna laini hapa!" Nikafungua mlango bila kubisha.

"Daktari, ni mimi nilimpangia. Na si yeye peke yake."

Nilitarajia matusi, na kusema kweli nilikuja tayari kuyapokea. Ojwang alimwomba mgonjwa aliyekuwa akiingia angoje kidogo, akanivutia kiti. "Wako wangapi?" akauliza. Hapo nikalia, mimi Munyiva, na sketi ya kanisani. Nililia kwa aibu, si kwa kitu kingine. Akaningojea nimalize, akachukua karatasi, akaanza kuniandikia ni dawa gani zinakaa pamoja na zipi hazikai.

"Duka usifunge," akaniambia. "Watu wanakusikiza kuliko sisi. Lakini kabla ya kuchanganya yako na yetu, nipigie ama utume mtu kwa famasi. Na hizo karatasi usitupe."

Wiki hiyo niliwapigia wateja wangu wote wa vifurushi, mmoja mmoja, nikawaambia nilikosea. Priscilla alinikatia simu, kisha akanipigia mwenyewe jioni. Mwalimu Githongo alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na hajakanyaga dukani tangu siku hiyo. Simlaumu.

Amino naye alimeza tembe yake na maji. Kila nilipompitia alikuwa yuleyule, mpole, anakubali kila kitu, anasema ni sawa tu. Wiki ya tatu ikapita, ya tano pia. Katika wiki ya sita Najah aliniambia mama yake amevua sweta. Nilitamani kushangilia, nikajizuia, maana nilishashangilia mapema mara nyingi.

Wiki ya tisa, Jumanne, dukani kulikuwa na wateja watatu na jirani yangu Nzula. Amino akaingia na karatasi ya maabara mkononi.

"Munyiva!"

Hakusema Mama Ngui. Jina tupu, na rafu zikatikisika.

"Mwaka mzima! Mwaka mzima unanilisha dawa na kunipora papo hapo! Nywele zangu ziko wapi? Mbuzi kumi na nne za kukohoa nilinunua, wallahi, na macho yangu wazi! Elmi amekaa kwa mahali yangu anaringa na miwani ya jua, leo asubuhi ndio nimemfukuza!" Akapiga kaunta kwa ile karatasi. "Na kule kwa daktari nikakuficha! Mimi! Nilikuwa nimerogwa?"

Nzula akainuka. "Mama Najah, pole pole, kuna wateja."

"Mwache," nikamwambia Nzula. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, huku nacheka. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi: huyu ndiye Amino wa mnadani.

Amino akavuta pumzi, macho yanawaka.

"Unacheka nini? Mimi niko serious!"

"Umemaliza?"

"Bado!"

Nikazunguka kaunta, nikamsogezea kiti. Hakukitaka. Aliendelea akiwa amesimama.