Joho Jekundu la Liwali

...simama basi, Zhongyan, usitikisike kama ndama, hata kamba sijaipata, jekundu, jekundu kweli, si la ndotoni, miaka kumi na moja nimefua joho la kijani la ofisa mdogo mpaka kola ikawa rangi ya mchicha uliochemka, na asubuhi hii mume wangu ni liwali, amepanua mikono mbele yangu kama anayetaka kuruka, "Linabana kwapani," anasema, halibani, nimelishona mwenyewe siku tisa, rangi ndiyo inayombana, bado hajaizoea, na mama yake pale mkekani anacheka, "Mwache abanwe, alipovaa kijani nani alimtazama?" nami nacheka, nafunga vazi la ndani kwanza, navuta kamba, nakaza... kushoto. Nimemfungia kushoto. Aliye hai hufungiwa kulia, kushoto ni kwa maiti, mtoto wa miaka minne anajua hilo, na mara ya mwisho kuona mtu akifungiwa kushoto alikuwa baba yangu, aliporudi kutoka Lingnan juu ya gari la ng'ombe, kusini kulekule anakopelekwa huyu, homa imemkausha, akafa siku ya tatu, na mama, aliyebaki hapa Chang'an kuwatunza wakwe kama ilivyotakiwa, alimvalisha akisema, "Miaka sita, hata sijui siku hizi alikuwa akitia chumvi kwenye chai," hakulia, alisema hivyo tu, akaendelea kufunga... fungua, fungua upesi, ameona? Hajaona, macho yake yako kwenye mkoba wa samaki wa fedha, alama ya cheo kipya, utakaoning'inia kiunoni, anaugeuza kama mtoto, lakini mama mkwe yeye ameona, sasa atasema mkosi, atasema nimemzika mwanawe kabla hajatoka mlangoni, "Kule kusini," anasema taratibu, "nani atakufungia?" "Nitapata mtumishi, mama," "Mtumishi atalijua kwapa lako?" na Zhongyan anacheka, anadhani ni utani, lakini bibi kizee ananitazama mimi, hamtazami yeye, "Binti yangu Aying yuko kichochoro cha pili," anasema, "akinipikia uji nitaishi, mimi si kifaranga," na moyo wangu unaruka, maana ilishapangwa, mke hubaki, wake wote wa mtaa huu wamebaki, nilishajiandaa kukaa hapa nisubiri barua, na sasa huyu mama, ambaye hajawahi kunisifia hata mshono mmoja, ananifungulia mlango mbele ya mwanawe bila yeye kujua... nguo nyepesi za katani, mbili zangu, nne zake, tangawizi, sindano, kule watu huvaaje, wanasema wanawake hutembea peku na hufunga nywele kwa kitambaa cha buluu, nitawaona, mimi ambaye sijavuka hata mto wa nje ya mji, na homa, ndiyo, homa ipo, lakini ikija itamkuta na mtu anayemjua, "Mke wangu, umekwama?" "Sijakwama, inua mikono," bado ameipanua, bado jua liko pale pale mlangoni, namfungia kulia, taratibu, fundo moja, la pili, sasa joho, mkono huu, mkono ule, sitamwomba, nitamwarifu kwamba naenda naye, nikifika kwenye mshipi, niukaze kwanza, asipate pumzi ya kukataa.